Kwa Nini Dan Perjovschi Huchora Michoro ya Kufutwa

Mwaka 2007 jumba la sanaa ya kisasa la MoMA, New York, lilimkabidhi msanii mmoja ukuta mkubwa wa ukumbi wake wa kati, ukuta wa kimo cha ghorofa kadhaa, naye akaja na maka peni nyeusi. Alipandishwa juu kwa mashine ya kuinulia mafundi, akachora huku wageni wakipita chini yake na kumtazama. Alichora vijitu vya mistari minne mitano, neno hapa na mshale pale, vichekesho vikali kuhusu vita, fedha, dini, Ulaya, Marekani na wasanii wenyewe. Agosti maonyesho yakaisha. Mafundi wakapaka ukuta rangi nyeupe na kazi nzima ikatoweka. Hakuna kilichofungwa kwenye sanduku wala kupelekwa ghalani.

Msanii huyo ni Dan Perjovschi, Mromania aliyezaliwa Sibiu mwaka 1961. Amefanya hivyohivyo Tate Modern ya London, Museum Ludwig ya Köln na kumbi nyingine nyingi. Anayeona picha za kazi yake kwa mara ya kwanza huuliza maswali mawili, na yote ni ya haki. Hii ni sanaa, au ni katuni za gazeti? Na kwa nini mtu ajichoshe na kitu anachojua kitafutwa baada ya miezi mitatu?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba Perjovschi ni “msanii wa baada ya ukomunisti”. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini ikiachwa hivyo haifafanui chochote. Polandi ilikuwa na ukomunisti wake na Yugoslavia wake, na ule wa Romania ulikuwa na sura yake. Bila kuijua sura hiyo, mistari ya Perjovschi inabaki mistari tu.

Nicolae Ceaușescu alishika madaraka mwaka 1965, na miaka yake ya mwanzo haikuwa migumu kuliko yote. Mwaka 1968 alikataa kupeleka majeshi Czechoslovakia pamoja na Wasovieti, na nchi za Magharibi zikampigia makofi. Wasanii na waandishi nao walipata nafasi ya kupumua. Mambo yaligeuka mwaka 1971, aliporudi kutoka ziara ya China na Korea Kaskazini. Julai ya mwaka huo alitangaza miongozo iliyorudisha sanaa, elimu na vyombo vya habari chini ya mkono wa chama. Kuanzia 1976 kukawa na tamasha kubwa la kitaifa lililoitwa Cântarea României, yaani wimbo wa kuisifu Romania, ambamo viwanda, shule na vijiji vilishindana kuitukuza nchi na kiongozi wake. Nyuso za Nicolae na mkewe Elena zikajaa kwenye turubai za wachoraji.

Miaka ya 80 ndiyo iliyomkuta Perjovschi akiwa kijana, na ndiyo iliyokuwa mibaya zaidi. Ceaușescu aliamua kulipa deni lote la nje, tena haraka. Chakula kilisafirishwa kwenda kuuzwa ng’ambo huku wananchi wakipanga foleni za nyama, mafuta na sukari kwa kadi za mgao. Nyumba zilikosa joto katikati ya baridi kali. Televisheni ya taifa ilipunguzwa hadi kama saa mbili kwa siku, na sehemu kubwa ya saa hizo ilikuwa habari za kiongozi.

Kuna kipengele kimoja cha enzi hiyo ambacho naona kinaieleza kazi ya Perjovschi kuliko vingine. Mwaka 1983 ilitolewa amri kuhusu mashine za taipu. Kila mwenye mashine alitakiwa kuisajili kwa polisi na kupeleka sampuli ya maandishi yake, ukurasa uliopigwa herufi zote, ili karatasi yoyote ya uchochezi ikiokotwa barabarani polisi waweze kutambua imetoka kwenye mashine gani. Mtu aliyeonekana hatari kwa usalama wa dola angeweza kunyimwa kibali cha kumiliki mashine. Dola iliyofika huko inaogopa alama yenyewe kwenye karatasi, kabla hata ya kusoma kinachosemwa. Sasa mchukue kijana wa miaka 22 aliyekuwa mwanafunzi wa sanaa mwaka huo, umweke miaka 24 baadaye juu ya ukuta wa MoMA, akiandika kwa mkono lolote analolitaka, hadharani, bila kumwonyesha mtu kwanza.

Tusimpambe lakini kwa ushujaa asioudai. Perjovschi hakuwa mpinzani aliyefungwa. Alisoma shule ya sanaa Sibiu tangu utotoni, kisha chuo cha sanaa cha Iași kati ya 1980 na 1985. Alipohitimu alipewa kazi kwenye jumba la makumbusho la Oradea, mji ulio karibu na mpaka wa Hungaria. Huko alijiunga na Atelier 35, tawi la vijana la chama cha wasanii. Namba hiyo ni ukomo wa umri wa wanachama. Kwa sababu vijana hawakuhesabiwa kuwa na uzito, matawi haya yalipata upenyo mdogo wa kujaribu mambo ambayo kumbi kubwa zisingeyathubutu.

Mambo mengine yalifanyika nyumbani, milango ikiwa imefungwa. Mkewe, Lia Perjovschi, ambaye naye ni mzaliwa wa Sibiu wa mwaka 1961 na msanii mwenye uzito wake mwenyewe, mwaka 1988 alifanya ndani ya nyumba yao ya ghorofani Oradea kazi aliyoiita Jaribio la Usingizi. Alijiandika mwilini maandishi yasiyosomeka, akajilaza na kujigeuza, na Dan akampiga picha. Hakukuwa na watazamaji wengine. Ninapoitazama kazi hiyo pamoja na kuta za Dan za miaka ya baadaye, naona swali moja linalowahusu wote wawili: alama inaandikwa wapi, na nani anaruhusiwa kuisoma? Mwaka 1988 jibu lilikuwa ngozi, na msomaji alikuwa mwenzi wako wa ndoa.

Kisha ikaja Desemba 1989. Maandamano yalianza Timișoara tarehe 16. Tarehe 21 Ceaușescu alihutubia umati Bucharest, na umati ukamzomea huku televisheni ikirusha moja kwa moja. Siku iliyofuata alikimbia kwa helikopta. Siku ya Krismasi yeye na mkewe walihukumiwa katika kesi fupi huko Târgoviște na kupigwa risasi. Zaidi ya watu 1,000 walikufa katika siku zile. Wasomaji wa Kongo wanaijua habari hii kwa upande wao: Mobutu alikuwa rafiki wa Ceaușescu, kifo chake kilimtikisa, na tarehe 24 Aprili 1990 akatangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja.

Kwa Romania mapinduzi hayakuleta mapambazuko ya moja kwa moja. Ion Iliescu, kigogo wa zamani wa chama, alishinda uchaguzi wa Mei 1990 kwa asilimia 85. Juni, wachimba migodi waliletwa Bucharest kwa treni wakawapiga waandamanaji, wanafunzi na yeyote aliyeonekana msomi. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 250. Mafaili ya Securitate, polisi wa siri, yalikaa miaka kumi kabla ya kuundwa chombo cha kuwafungulia raia. Ndiyo maana “baada ya ukomunisti” si tarehe ambayo nchi iliivuka usiku mmoja. Ni miaka mingi ya watu walewale kwenye viti vilevile wakizungumza kwa maneno mapya, na mtu wa kawaida akijaribu kujua lipi limebadilika kweli.

Kilichobadilika kweli, na kwa ghafla, ni magazeti. Yalichipuka kila kona. Mojawapo lilikuwa Revista 22, gazeti la kila wiki la kikundi cha wasomi kilichoundwa mara baada ya mapinduzi. Namba ya jina lake ni tarehe aliyokimbia Ceaușescu. Perjovschi alihamia Bucharest na kuanzia 1991 akawa mchoraji wa gazeti hilo, kazi aliyoishika kwa miaka mingi.

Hapo ndipo swali la kwanza, la sanaa au katuni, linapopata jibu. Perjovschi alijifunza rangi za mafuta na anatomia kwa miaka mingi, kisha gazeti likamfundisha kuyaacha. Ukurasa hauna nafasi, mhariri anasubiri, na msomaji ana sekunde tatu. Akapunguza mstari hadi mtu akawa duara la kichwa, kijiti cha mwili na miguu miwili. Anayedhani michoro ile ni ya mtu asiyejua kuchora na ajaribu mwenyewe kueleza uchumi wa soko kwa mistari saba. Tofauti yake na mchora katuni wa kawaida iko kwenye mahali na wingi. Katuni ya gazeti husimama peke yake pembeni ya habari. Ukuta wa Perjovschi una michoro mamia, mmoja kuhusu vita jirani na mwingine kuhusu bei ya kahawa, na mtazamaji ndiye anayeunganisha anapotembea. Hakuna mahali pa kuanzia wala mhariri aliyeamua ipi ni habari kuu.

Anavyofanya kazi pia ni kwa mazoea ya chumba cha habari. Akialikwa mji fulani, hufika mapema, husoma magazeti ya pale, hutazama taarifa, huzungumza na watu, huku daftari lake likijaa vichoro vya haraka. Kisha huchagua vinavyofaa na kuvihamishia ukutani bila penseli ya kutangulia. Mchoro fulani huweza kurudi mji mwingine ukiwa na neno moja lililobadilika, au bila kubadilika kabisa, na ukasomeka kwa namna nyingine kwa sababu ya mahali ulipo.

Kabla ya kuta hizo kumpa jina, alijichora mwenyewe. Mwaka 1993, kwenye tamasha la sanaa za mwili lililoitwa Zona huko Timișoara, Perjovschi alikaa kitini mbele ya watu akachorwa tatuu begani: neno ROMÂNIA, kwa herufi kubwa. Kitendo chenyewe hakikuzidi hapo. Lakini kumbuka ni Romania ipi. Ni nchi ambayo kwa miaka 20 iliimbwa kwa amri, kisha raia wake wakajikuta wanahitaji viza kuvuka karibu kila mpaka wa magharibi, na kila anayefika huko anaulizwa kuhusu Ceaușescu na watoto yatima waliojazana kwenye vituo vya serikali yake. Wewe huwi tena Dan, unakuwa Mromania, kama mali iliyopigwa chapa. Wengine waliiona tatuu ile kuwa uzalendo, wengine kuwa kejeli. Nadhani ilikuwa ungamo kwamba jina la nchi amewekewa na wengine, na hawezi kulivua.

Miaka 10 baadaye alijaribu kulivua. Mwaka 2003, katika maonyesho ya sanaa za Balkani kwenye jumba la Fridericianum mjini Kassel, Ujerumani, aliamua mchango wake uwe kuifuta tatuu kwa mionzi ya leza. Wafahamuo leza wanajua haing’oi wino. Inauvunja kuwa chembe ndogo, kisha mwili wenyewe unazichukua na kuzisambaza ndani. Kwa hiyo Romania haikuondoka. Ilitoka begani ikaenea mwilini, pasipoonekana. Sijui kazi nyingine inayosema kwa ufupi hivyo kinachowapata watu wanaodhani wameiacha nchi yao nyuma.

Kati ya matukio hayo mawili kuna Venice. Mwaka 1999 Romania iliwapeleka Perjovschi na kikundi cha wasanii cha subREAL kwenye maonyesho makubwa ya Biennale. Romania ina banda lake kwenye bustani za pale tangu 1938, jengo la kudumu, la heshima. Perjovschi hakutundika kitu ukutani. Alichora sakafu yote ya sehemu yake, kwa michoro midogo midogo, na akaipa kazi hiyo jina rEST. Mgeni aliyeingia hakuwa na pa kukanyaga isipokuwa juu yake. Wengine walisita mlangoni, wakanyata, kisha wakazoea kama sote tunavyozoea. Kadiri wiki zilivyokwenda, nyayo za watazamaji ziliifuta kazi waliyokuja kuitazama.

Mimi huanzia hapo kila nikitakiwa kujibu swali la pili. Utawala wa Ceaușescu ulitaka kila kitu kiwe cha milele. Ushahidi wake bado umesimama Bucharest: Nyumba ya Watu, ambayo leo ni bunge, ilianza kujengwa mwaka 1984 juu ya mitaa ya zamani iliyobomolewa pamoja na makanisa na nyumba za maelfu kwa maelfu ya watu. Eneo la sakafu zake ni takriban mita za mraba 365,000. Haiwezekani kubomolewa kwa gharama ya kawaida, na haiwezekani kuijaza. Msanii aliyeishi chini ya kivuli cha kitu kama kile ana sababu nzuri ya kuogopa kudumu. Mchoro unaofutika hauwezi kugeuzwa sanamu ya mtu yeyote.

Mwaka 2004 jumba la taifa la sanaa ya kisasa lilifunguliwa ndani ya ubavu mmoja wa jengo hilohilo. Dan na Lia walikuwa miongoni mwa waliopinga waziwazi. Waliotetea walisema ni kulipokonya jengo maana yake ya zamani. Naona upande wa Perjovschi ulikuwa na hoja nzito zaidi: jengo lenye walinzi na vizuizi langoni, lililopo chini ya paa moja na wanasiasa, linawafundisha wageni kabla hawajaona mchoro hata mmoja kwamba sanaa ni ya wenye mamlaka. Tangu miaka ya 90 Lia alikuwa amejenga mfano mwingine kabisa kwenye studio yake Bucharest, hifadhi ya vitabu, vipeperushi na kumbukumbu za sanaa ya dunia, iliyo wazi kwa yeyote aliyetaka kujua yaliyofichwa kwa miongo.

Kuna sababu nyingine ya kufutika kwa michoro, na hii ni ya mfukoni. Hadi Januari 2002 Waromania walihitaji viza kuingia nchi nyingi za Ulaya Magharibi. Msanii kutoka Bucharest wa miaka ya 90 hakuwa na bajeti ya kusafirisha makontena, bima na turubai za mita tatu. Perjovschi alisafiri na daftari na kalamu. Sanaa yake iliweza kuvuka mpaka wowote aliouvuka mwenye kalamu. Umaskini ule uligeuka kuwa mbinu, na mbinu ikawa msimamo, kwa kuwa hata alipoweza kumudu zaidi hakuibadili. Analipwa kwa kuja kuchora.

Mtazame pembeni yake Adrian Ghenie, aliyezaliwa Baia Mare mwaka 1977, mchoraji Mromania anayejulikana kuliko wote kwenye minada. Ghenie naye anachimba historia hiyohiyo. Mwaka 2010 alichora kesi ya akina Ceaușescu, nyuso zikiwa zimekwanguliwa na kupakwa rangi nzitonzito. Oktoba 2016 turubai lake la 2008 liitwalo Nickelodeon liliuzwa kwenye mnada wa Christie’s London kwa zaidi ya pauni milioni 7, mara kadhaa ya bei iliyokadiriwa. Sisemi hivi kumdharau. Ni mchoraji mkubwa, na kesi ile aliyoichora inatisha. Ila picha ikishafikia bei hiyo, inaweza kuishia kwenye ghala la benki bila kuonwa na Mromania yeyote. Mchoro wa Perjovschi hauna njia ya kufika huko. Katika nchi iliyotoka kwenye dola inayomiliki kila kitu ikaangukia kwenye soko linalouza kila kitu, huo nao ni uamuzi wa kisiasa.

Kuna wanaomlaumu, na lawama moja naikubali kiasi. Michoro yake mingi ina maneno ya Kiingereza, na inasomeka kwa urahisi mno na watu wa kumbi zilezile za dunia, wanaocheka, wanapiga picha na kwenda zao. Ukuta unaomkejeli tajiri ndani ya jumba lililojengwa kwa fedha za tajiri unaweza kuwa burudani tu. Lawama hii inakosa nguvu pale anapotoka nje ya majumba, na anatoka mara nyingi. Mwaka 2013 maelfu ya Waromania waliingia barabarani kupinga mpango wa kampuni ya Canada kuchimba dhahabu Roșia Montană kwa kutumia sianidi, na michoro ya Perjovschi ilikuwa upande wao. Alichora dhidi ya ufisadi, na tangu 2022 dhidi ya uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, akiitoa michoro hiyo mtandaoni kwa wanaotaka kuitumia. Mwaka huohuo wa 2022 alirudi Fridericianum, jumba lilelile alikofutiwa tatuu, safari hii akichora kwa rangi nyeupe kwenye nguzo zake zilizopakwa nyeusi, kwenye documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa ya mji huo wa Kassel.

Na nyumbani Sibiu, tangu 2010, ana ukuta mrefu wa barabarani uliopo kwenye eneo la ukumbi wa maigizo wa Radu Stanca. Anauita Gazeti la Mlalo. Hakuna tiketi. Mtu anayekwenda sokoni anaweza kuusoma akitembea, akaukasirikia, au akaongeza neno lake. Mvua inaondoa baadhi ya michoro, jua linafifisha mingine, na Perjovschi anarudi kila baada ya muda kupaka na kuandika habari mpya. Romania iliingia NATO mwaka 2004 na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 2007, mamilioni ya watu wake wakaenda kufanya kazi Italia, Hispania na Ujerumani, vyama vikapanda na kuanguka, na yote hayo ni malighafi ya ukuta wa namna ile. Anayetaka kujua kazi hii ina uzito gani asianzie picha za New York. Aanzie pale Sibiu, atazame mchoro uliofifia nusu kando ya ule wa juzi, kisha ajiulize ni upi kati ya hiyo miwili ambao dola ya mwaka 1983 ingetaka sampuli yake.